Nipa, bangi na unga haviwezi kuwa na sheria moja

Januari 2012 polisi walikamata kilo 210 za heroini mkoani Lindi, mzigo uliokuwa miongoni mwa mikubwa kuwahi kunaswa nchini hadi wakati huo. Wengi walishangaa kusikia Lindi ikitajwa kwenye habari ya namna hiyo. Anayeifahamu pwani yetu hakuwa na la kushangaa. Kutoka Kilwa Kivinje kushuka Mchinga, Sudi, Mikindani mpaka Msimbati ni mikoko, vijito na madiko ya wavuvi ambako jahazi linaweza kuingia maji yakijaa usiku na likawa limeshaondoka kabla ya adhana ya alfajiri.

Njia yenyewe inajulikana. Kwa miaka mingi afyuni ya Afghanistan ilisafishwa kuwa heroini, ikashushwa hadi pwani ya Makran kati ya Iran na Pakistan, ikapakiwa majahazini na kuvushwa Bahari ya Hindi kuja Kenya, Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Aprili 2014 meli ya kivita ya Australia, HMAS Darwin, ilikuta kilo 1,032 kwenye jahazi moja karibu na pwani ya Kenya. Sehemu kubwa ya mizigo hiyo haiji kwetu, inapita tu kwenda Afrika Kusini na Ulaya. Ila haipiti bila kuacha kitu. Mbebaji akilipwa kwa unga, yaani heroini yenyewe, badala ya fedha inabidi autafutie wateja, na wateja walio karibu naye ni vijana wa mtaani kwake.

Sasa ingia bara kidogo, Tandahimba, Newala au Nachingwea, msimu wa korosho ukiwa umekolea. Mabibo yametapakaa chini ya mikorosho, nzi wameyajaa, na nyuma ya nyumba fulani kuna pipa motoni linalochuruzisha nipa, pombe kali ya matunda hayo ya mkorosho. Nayo ni marufuku. Kijana anayesokota bangi nyuma ya stendi naye anavunja sheria, sawa na dereva aliyeficha kifurushi cha mirungi chini ya kiti.

Hapo ndipo mjadala wetu unapokwama. Barazani mzee mmoja atasema vyote vifutwe na wahusika wafungwe maisha. Kijana atamjibu, "Mzee wangu, mbona Canada wameruhusu?" Wote wawili wanasema "dawa za kulevya" kana kwamba wanazungumzia kitu kimoja. Mimi naona kila kimoja kati ya hivi kiulizwe peke yake, na swali la kukiuliza ni hili: tukitunga sheria hii, bidhaa itakuwa mikononi mwa nani? Kwa sababu sijaona sheria, iwe ya kukataza au ya kuruhusu, iliyofanya kitu kinachotakiwa na watu kitoweke.

Mkulima wa korosho anaelewa jambo hili bila kufundishwa, kwa kuwa anaijua kangomba, ununuzi wa korosho kimagendo. Tangu mwaka 2007 korosho za Mtwara zinauzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, yaani hukusanywa ghalani na kuuzwa mnadani, kupitia vyama vya ushirika vya wakulima (AMCOS), na kununua pembeni ni kosa. Lakini mtoto akiugua mwezi wa nane, au ada ikidaiwa kabla mnada haujaanza, mwenye kangomba anakuja usiku na fedha taslimu. Ananunua kwa bei ya kutupa kwa sababu anabeba hatari ya kukamatwa, na hatari hiyo anamlipisha mkulima. Katazo limebadilisha bei na limebadilisha mnunuzi. Haja ya fedha haikuondoka. Kwenye unga na nipa mambo yanakwenda vivyo hivyo, ila huko anayelipishwa hatari ni mtumiaji.

Kati ya marufuku na ruksa

Watu hudhani serikali ina milango miwili tu. Ukweli ni kwamba inaamua mambo kadhaa kwa pamoja: imfanye nini anayetumia, imfanye nini anayeuza, kitu kipatikane wapi na kwa bei gani, na nani apime kilichomo ndani. Nchi inaweza kuwa kali kwenye jambo moja na laini kwenye jingine.

Ureno ndiyo inayotajwa sana, na mara nyingi inatajwa vibaya. Haijahalalisha dawa za kulevya. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi hiyo yenye watu milioni 10 hivi ilikadiriwa kuwa na watumiaji wa heroini 100,000, na virusi vya UKIMWI vilikuwa vinaenea kwa sindano. Julai 2001 sheria mpya ikaanza: anayekutwa na kiasi kisichozidi matumizi yake ya siku 10 hapelekwi mahakamani, anapelekwa mbele ya kamati ya watu watatu inayoangalia kama ni mgonjwa wa kutibiwa, wa kuonywa, au wa kutozwa faini. Muuzaji anafungwa kama zamani. Wakati huohuo serikali ilifungua matibabu mengi. Maambukizi mapya ya virusi kwa watu wanaojidunga yalishuka sana katika miaka iliyofuata.

Jimbo la Oregon, Marekani, lilijaribu jambo linalofanana na hilo. Wananchi walipiga kura Novemba 2020, sheria ikaanza kazi Februari 2021, na Septemba 2024 adhabu za jinai zikarudishwa. Kilichotokea kati hapo kinaeleweka. Adhabu iliondolewa siku moja, lakini huduma za tiba zilichelewa. Anayekamatwa alipewa karatasi ya faini ya dola 100, ambayo angefutiwa akipiga simu kuomba ushauri, na wengi hawakupiga. Juu ya hayo fentanili, dawa yenye nguvu kuliko heroini mara nyingi, ndiyo kwanza ilikuwa inafurika mitaani. Wenye kupinga walisema, mnaona, marufuku ndiyo dawa. Mimi nasoma tofauti: Ureno ilijenga nyumba ndipo ikamtoa mtu jela, Oregon ilimtoa mtu jela ikamwacha barabarani.

Kuna walioenda mbali zaidi. Uswisi tangu 1994 inawapa heroini safi, mbele ya daktari na muuguzi, wagonjwa sugu ambao tiba nyingine zimewashinda, na mwaka 2008 wananchi asilimia 68 waliupigia kura ya ndiyo utaratibu huo. Uruguay mwaka 2013 iliamua bangi iuzwe chini ya usimamizi wa serikali yenyewe: unajiandikisha, unachagua kati ya kupanda miche yako sita, kujiunga na klabu, au kununua kwenye duka la dawa, na kikomo ni gramu 40 kwa mwezi. Canada iliruhusu biashara ya bangi tarehe 17 Oktoba 2018, kwa vifungashio visivyo na mapambo na kwa watu wazima tu.

Wengine wamekwenda upande wa pili. Ufilipino, kuanzia 2016 chini ya Rais Rodrigo Duterte, polisi waliua zaidi ya watu 6,000 kwa hesabu ya serikali yenyewe, na biashara haikuisha. Machi 2025 Duterte alikamatwa na kupelekwa Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu. Afghanistan nako Taliban walipiga marufuku kilimo cha afyuni Aprili 2022, na mwaka uliofuata Umoja wa Mataifa ukaripoti kwamba eneo linalolimwa lilipungua kwa asilimia 95. Hilo lazima likubaliwe wazi: katazo la mkono wa chuma linaweza kufyeka shamba. Ila mkulima aliyekuwa akiishi kwa zao hilo alibaki mikono mitupu, na mwaka huohuo wa 2023 Myanmar ikawa mzalishaji mkubwa wa afyuni duniani.

Sisi tuko wapi? Tanzania Bara ina Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na Mamlaka iliyoundwa kwa sheria hiyo ilianza kazi 2017. Adhabu zake ni nzito, vifungo vya miaka 30 na vya maisha vipo. Mirungi imo ndani ya marufuku hiyo, wakati ng'ambo ya mpaka, Kenya, ni zao la biashara linalouzwa mchana kweupe. Pia tunabanwa na mikataba mitatu ya Umoja wa Mataifa, ya 1961, 1971 na 1988, ambayo kila nchi inayotaka kulegeza kamba inabidi itafute namna ya kuishi nayo.

Kilicho uani kwetu

Nataka kukaa zaidi kwenye mabibo, kwa sababu hapo hatuhitaji kusafiri kwenda Ureno ili tujue katazo linafanya nini.

Kila korosho inaning'inia chini ya bibo lake, na bibo lina uzito mara kadhaa kuliko korosho yenyewe. Ukivuna tani ya korosho, jua umeangusha tani nyingi za tunda ambalo halikai hata siku mbili kabla ya kuoza. Mengi yanaozea shambani. Yanayookotwa hukamuliwa, maji yake yakawekwa kwenye ndoo au dumu, na hayahitaji kutiwa chochote: chachu iko tayari kwenye ganda la tunda. Asubuhi ni juisi tamu yenye ukakasi. Jioni ni uraka. Kesho yake ni uraka mkali, na baada ya hapo inaanza kuwa siki.

Uraka kwa hiyo ni kinywaji cha jirani. Ni kizito kubeba, kinaharibika haraka, mnywaji anakunywa kata nzima ndipo achangamke. Nipa ni jambo jingine. Uraka uliochacha unatiwa pipani, mdomo wa pipa unazibwa kwa udongo mvuke usitoroke, na bomba linatoka pale likipita ndani ya maji baridi. Upande wa pili chupa imekingwa, tone baada ya tone. Mpikaji, ambaye mara nyingi ni mama anayesomesha watoto kwa pipa hilo, anachovya kidogo na kukiwasha kiberiti. Kikiwaka vizuri anajua kimeiva. Lita chache kwenye dumu dogo zinabeba kilevi cha ndoo kadhaa za uraka, haziozi, na bodaboda anaweza kuzifikisha Masasi bila mtu kugeuka.

Angalia hapo sheria inavyousukuma mchezo. Kitu kikiwa cha kujificha, kinachofaa ni kile chenye nguvu nyingi ndani ya chombo kidogo. Ndivyo ilivyokuwa Marekani ilipopiga marufuku pombe kati ya 1920 na 1933: bia, iliyo nzito na ya bei ndogo, iliwaachia nafasi wauza pombe kali. Ndivyo afyuni ya kuvuta ilivyoiachia njia heroini. Sisemi nipa imezaliwa na marufuku, maana watu wangeikeneka hata bila sheria. Nasema marufuku haikuwahi kuisukuma kuelekea upande wa usalama.

Na usalama ndio uliokosekana. Kuwaka kwa kiberiti kunathibitisha kwamba kuna kilevi, hakuthibitishi ni kipi. Tunda kama bibo linapochacha hutoa pia methanoli kidogo, kilevi chenye sumu. Hatari kubwa zaidi inakuja pale mchuuzi mwenye tamaa anapoongeza ukali kwa spiriti ya viwandani. Methanoli ikifika kwenye ini inageuzwa kuwa asidi inayoua mshipa wa macho kwanza, kisha mtu mwenyewe. Inawaka kama kilevi cha kawaida na mnywaji hawezi kuitofautisha kwa ulimi. Kinachoweza kuitofautisha ni maabara, na hakuna mama atakayebeba chupa ya kosa lake la jinai kuipeleka maabara.

Sheria inayokataza kukeneka pombe kali bila leseni ni ya mwaka 1966. Miaka 60 hiyo. Kila msimu mapipa yanamwagwa, mtu anatozwa faini au analala mahabusu, na mwezi wa kumi ukirudi moshi unaonekana tena palepale. Ukiingia baa ya Mtwara mjini utauziwa konyagi kwa risiti, kilevi kilekile, ila kimepimwa, kimelipiwa kodi na chupa imeandikwa nguvu yake.

Goa, kule India, wana mkorosho huuhuu. Wareno waliutoa Brazil wakaupeleka huko, kama walivyouleta pwani hii. Watu wa Goa wanakamua mabibo, wanayachachusha, wanakeneka, na kinywaji chao kinaitwa feni. Mkenekaji ana leseni, serikali ya jimbo inakusanya ushuru wake, chupa inaonyesha asilimia ya kilevi. Mwaka 2009 feni ilipewa ulinzi wa jina la mahali, ili mtu wa kwingine asiuze chake kwa jina hilo. Tunda lilelile, pipa lilelile. Kule mpikaji ni mfanyabiashara, huku ni mhalifu. Walevi wapo Goa kama walivyo Newala, sitaki kumdanganya mtu. Lakini mnywaji wa Goa anajua alichokunywa.

Mwaka 2017 tuliwahi kuonyesha kwamba nasi tunaweza kufanya jambo la katikati. Kassim Majaliwa, wakati huo mbunge wa Ruangwa na Waziri Mkuu, alitangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Machi pombe kali kwenye viroba vya plastiki ni marufuku. Wengi wanakumbuka kama katazo. Ukiitazama vizuri, pombe kali haikukatazwa, kilichokatazwa ni kifungashio cha bei ndogo ambacho mwanafunzi angeweza kukitia mfukoni na dereva wa bodaboda akakimaliza kabla taa haijawaka kijani. Kipimo kidogo kabisa kikapanda bei na kikawa kigumu kuficha. Watengenezaji walihamia chupa ndogo, na hilo ni pengo. Hata hivyo ule ulikuwa udhibiti wa akili: haukumgusa mnywaji, uligusa namna bidhaa inavyomfikia.

Unga

Waliosoma hadi hapa huenda wanasema, basi heroini nayo iwekwe dukani kwa risiti. Hapana. Sababu ni jinsi yenyewe inavyomshika mtu.

Mnywaji wa uraka akikosa uraka kesho atakasirika. Mtu aliyezoea unga akikosa kete yake, kabla siku haijaisha arosto inamwingia: miayo isiyokatika, makamasi, vipele vya baridi kwenye jua la saa saba mchana, tumbo kuharisha, mifupa kuuma kama inapondwa. Inapanda kwa siku mbili tatu. Kete moja inayaondoa yote kwa dakika chache. Anayewashangaa mateja kuiba sufuria ya mama yao ajue kwamba wakati ule kijana haibi ili afurahi, anaiba ili maumivu yaishe. Hofu ya jela haina nguvu juu ya mtu wa namna hiyo. Ingekuwa nayo, tusingekuwa na teja hata mmoja, maana adhabu zetu hazijawahi kuwa nyepesi.

Kwa hiyo nakubaliana na mzee wa barazani kwa nusu. Mwenye jahazi na mwenye mzigo wafungwe, na nisingependa kuona siku mfanyabiashara anapewa leseni ya kuuza kitu ambacho mteja wake hawezi kukikataa. Nusu ya pili ndiyo tunayotofautiana: kumfunga anayetumia. Akitoka gerezani anarudi maskani ileile, mwili wake umepoteza ustahimilivu, akivuta au kujidunga kiasi chake cha zamani anakata roho. Siku za kwanza baada ya kutoka kifungoni ni za hatari kuliko nyingine zote kwa waraibu wa heroini, na madaktari wameliona hilo nchi baada ya nchi.

Halafu kuna sindano. Mtu anayeogopa kukutwa na bomba la sindano mfukoni hulitumia la mwenzake. Mwaka 2005 watafiti waliandika juu ya wanawake wa Dar es Salaam waliokuwa wakijidunga, kisha kuvuta damu yao ndani ya bomba na kumpa mwenzao aliyekosa fedha ajidunge damu hiyo, wakiamini ina mabaki ya unga yatakayomtuliza. Waliita ni kusaidiana. Virusi vya UKIMWI na homa ya ini havijui tofauti kati ya teja na mke wake asiyejua lolote.

Kutokana na hali hiyo serikali yetu ilichukua hatua ambayo haisifiwi vya kutosha. Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni, mradi wa kwanza wa umma wa aina hiyo katika Afrika bara kusini mwa Sahara. Mwananyamala na Temeke zikafuata, kisha mikoa mingine. Methadoni ni ndugu wa heroini, lakini inanywewa kama sharubati mbele ya muuguzi, inafanya kazi taratibu kwa muda wa siku nzima au zaidi, haimpi mtu ule mlipuko wa raha na haimwachi aingie arosto. Anakunywa asubuhi, anakwenda kazini. Wapo wanaosema ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Wamwangalie mtu aliyekuwa akijidunga mara nne kwa siku ambaye sasa anaamka, anakunywa kikombe kimoja na kwenda kuendesha bajaji, ndipo warudie maneno hayo.

Tazama basi nchi yetu inavyofanya mambo mawili kwa mkono mmoja. Heroini ni marufuku kabisa, na wakati huohuo dola inampa mraibu dawa ya jamii hiyohiyo kwa kipimo, bure, kwa kumbukumbu ya kila siku. Udhibiti tunaoubishania kama jambo la Wazungu tunaufanya tangu 2011.

Na bangi?

Hapa mimi natembea polepole. Bangi haiui kama heroini inavyoua na arosto yake si ya kulinganishwa. Lakini takriban mtumiaji mmoja kati ya 10 hushindwa kuiacha, na kwa kijana ambaye ubongo bado unakua inaongeza uwezekano wa ugonjwa wa akili, hasa ile ya nguvu nyingi inayovutwa kila siku. Wazazi wanaoogopa hawajakosea.

Upepo wa dunia unabadilika. Desemba 2020, kwa kura 27 dhidi ya 25, Tume ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya iliitoa bangi kwenye kundi la dawa hatari kupita zote. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilisema Septemba 2018 kwamba mtu mzima kuitumia faraghani si kosa, na sheria yake ikasainiwa Mei 2024. Malawi, ambao ni majirani zetu, mwaka 2020 waliruhusu kilimo cha bangi kwa dawa na viwanda. Kuna vijana wa Kusini wanaosikia habari ya Malawi na kuanza kuhesabu ekari. Nawaomba waangalie leseni: gharama na masharti yake yamewafaa zaidi wenye mitaji kuliko mkulima wa jembe la mkono. Aliyelima kwa kujificha jana anaweza kujikuta leo ni kibarua kwenye shamba la kampuni.

Thailand inafundisha upande mwingine. Mwaka 2022 waliitoa bangi kwenye orodha ya dawa za kulevya kabla bunge halijatunga sheria ya kuisimamia. Maelfu ya maduka yakafunguka kila kona. Juni 2025 serikali ikarudi nyuma na kutaka cheti cha daktari. Kuruhusu bila msimamizi ni ndugu pacha wa kukataza bila msimamizi. Katika hali zote mbili anayeamua ni muuzaji.

Kwa hiyo kwa bangi ningesema: asifungwe mtu mzima kwa msokoto wake mmoja, maana gerezani atakutana na wauza unga, lakini maduka yasubiri. Halmashauri ambayo haijaweza kuzuia mtoto wa miaka 13 kuuziwa sigara moja moja kibandani haina bado mkono wa kusimamia duka la bangi.

Haramu ya dini na kosa la jinai

Barazani kuna hoja inayofunga mjadala kila mara: haya yote ni haramu, basi. Ninaiheshimu, na masheikh wa Mikindani au mapadri wa Masasi wana kazi ambayo polisi hawaiwezi, maana wao wanaweza kumwendea kijana nyumbani bila pingu. Ila katika mji huohuo wa Mtwara pombe ni haramu kwa Waislamu walio wengi na bado ina leseni, saa za kufungua na kodi. Tumeishi hivyo miaka yote. Kila mtu anaishika dini yake, na dola inashughulika na madhara.

Na madhara yakipimwa, vilivyoruhusiwa haviko nyuma. Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo zaidi ya milioni 7 kwa mwaka vya tumbaku. Vya pombe kwa mwaka 2019 vilikuwa milioni 2.6, na vya dawa za kulevya takriban 600,000. Takwimu hizi zinatumiwa vibaya na pande zote. Hazimaanishi kwamba heroini ni salama kuliko sigara. Zinaonyesha kwamba kitu kikiruhusiwa wanaokitumia huwa wengi sana, na pia kwamba kinaweza kupigwa vita bila kumfunga mtu: kwa kodi, kwa kukataza matangazo, kwa kumfukuza mvutaji nje ya daladala. Nchi nyingi zimepunguza wavutaji kwa njia hizo, na hakuna aliyekwenda jela kwa kuvuta.

Kazi ya halmashauri

Nikiulizwa na diwani wangu aanzie wapi, nitamwambia aanze na vyenye watu wa kuvisimamia. AMCOS ziko kila kata ya korosho, zina mizani, vitabu na maghala. Taasisi ya utafiti wa kilimo ya TARI Naliendele iko hapo nje ya Mtwara mjini na imekuwa ikifundisha watu kutengeneza juisi na mvinyo wa mabibo. Chama kimoja cha kina mama wapikaji, mtambo mmoja wa shaba ulio safi, leseni moja ya majaribio na mtu wa viwango wa kuchukua sampuli: hilo linawezekana ndani ya msimu mmoja, na mwenye pipa la kificho atakuwa na mahali pa kuhamia.

Kwa unga kazi ni umbali. Methadoni inanywewa kila siku. Kijana wa Newala akiambiwa kliniki iko mkoani, hiyo ni safari ya zaidi ya kilomita 100 kwenda na nyingine kurudi, kila siku ya Mungu, kwa mtu asiye na nauli ya kwenda sokoni. Hata afisa wa polisi mwenye huruma atafanya nini naye? Hana pa kumpeleka zaidi ya mahabusu. Katika nchi nyingine mgonjwa aliyetulia hupewa dozi za siku kadhaa akanywe nyumbani, na gari lenye muuguzi huzunguka vituo kwa ratiba. Halmashauri zetu hukusanya ushuru wa asilimia 3 kwenye korosho inayouzwa. Kwa msimu mzuri, gari moja, wauguzi wawili na friji ya kufuli ni sehemu ndogo ya fedha hizo, na bajeti hupitishwa na baraza la madiwani tunaowachagua wenyewe.